Jinsi ya Kumchagulia Rafiki Riwaya ya Kisayansi Ambayo Ataimaliza

Riwaya ya kisayansi ikimshinda msomaji mgeni, mara nyingi wa kulaumiwa ni aliyempa. Kampa kitabu alichokipenda yeye mwenyewe: kurasa 600, majina yasiyotamkika, sura ya kwanza inaanzia kwenye sayari ambayo hajaelezwa iko wapi. Rafiki anasoma kurasa 15, anakiweka juu ya friji, na tangu siku hiyo jibu lake ni moja: "Mambo ya maroboti si yangu."

Mwongozo huu unahusu riwaya za miaka kumi na kitu iliyopita. Ndani ya kipindi hicho kuna vitabu vya mapenzi, vya upelelezi, vya siasa za dola, vya vichekesho na vya huzuni tupu, vyote vikiwa vimepangwa rafu moja yenye picha ya sayari. Kazi yako ni kusahau hiyo picha na kumtazama rafiki.

HATUA YA 1: Mhoji bila kutaja sayansi

Usimuulize kama anapenda hadithi za kisayansi. Atakujibu kwa kukumbuka filamu moja aliyoiona akiwa shuleni. Muulize maswali matano, tena kwa mazungumzo ya kawaida, si kama karani wa sensa. Ni kitabu au tamthilia gani alimaliza mwisho, na alitumia siku ngapi? Ni kipi aliacha njiani, na aliachia wapi? Anasoma saa ngapi na akiwa wapi? Anasoma karatasi, simu, au anasikiliza? Na je, kuna jambo ambalo kwa sasa hataki kukutana nalo kabisa: msiba, mtoto kuumia, ugonjwa, buibui?

Swali la pili ndilo lenye mali. Watu husema uongo wa adabu kuhusu vitabu walivyovipenda, lakini kuhusu kile walichokitupa husema kweli, tena kwa hamu. Sikiliza maneno yenyewe. Akisema "majina yalinichanganya", mpe kitabu chenye wahusika wachache na msimulizi mmoja. Akisema "kilichelewa kuanza", tafuta kinachoanza na tatizo ukurasa wa kwanza. "Maelezo mengi" maana yake alikuwa anafundishwa wakati alitaka kusimuliwa. Na akisema "sikumwonea huruma mtu yeyote", basi hata kitabu chenye wazo kubwa kuliko yote duniani hakitamfaa. Anataka mtu wa kumshikilia.

Majibu ya tamthilia ni ushahidi halali. Mtu anayefuata tamthilia ya Kituruki kwa vipindi zaidi ya mia hawezi kusema hana subira. Anayo, ila anaitumia kwa watu, haitumii kwa mitambo. Na anayerudia filamu za wizi wa benki anapenda mpango: ulivyopangwa, ulivyoharibika, walivyojinasua.

HATUA YA 2: Piga hesabu ya saa zake

Hapa ndipo mapendekezo mengi hufia, na ni hesabu ya darasa la tano. Mtu anayesoma Kiingereza kama lugha yake ya pili au ya tatu, kwa utulivu, chukulia anasoma maneno 150 kwa dakika. Kwa saa ni 9,000. Kitabu kifupi cha maneno 36,000 kitamchukua saa 4. Akisoma nusu saa kila siku, siku 8. Kitabu cha maneno 180,000 ni saa 20, yaani siku 40 bila kukosa hata moja. Hakuna anayesoma siku 40 bila kukosa. Atakosa tatu, atasahau nani ni nani, atarudi nyuma kurasa kumi, kisha ataacha.

Kwa hiyo kitabu cha kwanza kiwe chini ya kurasa 200, isipokuwa rafiki ni msomaji aliyekomaa. Kuna njia rahisi ya kuvipata: tuzo ya Hugo, mojawapo ya tuzo kubwa za fani hii, ina kipengele maalumu cha hadithi za kati ya maneno 17,500 na 40,000. Fungua orodha ya washindi wa kipengele hicho tangu 2016 na utakuwa na vitabu vinavyomalizika ndani ya wiki.

Na tukishagusa tuzo, zisome kwa kuangalia nani anapiga kura. Hugo hupigiwa kura na wanachama wa kongamano la dunia la wapenzi wa fani hii, kwa hiyo hupenda hadithi inayofurahisha. Nebula hupigiwa na waandishi wenyewe. Tuzo ya Arthur C. Clarke ya Uingereza huamuliwa na jopo, nayo huelekea kwenye riwaya nzito za kifasihi. Rafiki aliyesoma fasihi chuoni, anza naye huko. Tuzo za Nommo ni za waandishi wa Afrika.

HATUA YA 3: Oanisha

Twende kwa aina ya mtu.

Fundi, mhandisi, au yeyote aliyefurahia praktiko za fizikia kidato cha nne: Project Hail Mary ya Andy Weir (2021). Mtu anaamka peke yake kwenye chombo cha anga, hakumbuki hata jina lake, na inambidi ajue alipo kwa kupima vitu. Sura zinapishana kati ya sasa na kumbukumbu zinazomrudia. Kiingereza chake ni chepesi, na sayansi yake inaelezwa kama mwalimu mzuri anavyoeleza ubaoni. Zingatia mambo mawili. Rafiki anayetaka wahusika wenye kina ataona utani wake ni wa kitoto. Pili, trela ya 2025 ya filamu yake inatoa hadharani jambo ambalo kitabu kinalificha kwa kurasa nyingi. Mwambie rafiki asiitazame, na wewe funga mdomo. Kama rafiki ni dereva wa safari ndefu, mtafutie kitabu cha sauti kilichosomwa na Ray Porter, zaidi ya kidogo ya saa 16. Kuna jambo moja katika hadithi hii ambalo sauti inalifanya na karatasi haiwezi.

Mtu wa filamu za kukimbizana: Dark Matter ya Blake Crouch (2016). Mwalimu wa fizikia wa Chicago anatekwa usiku, anaamka kwenye maisha ambayo si yake. Aya ni fupi, nyingine ni sentensi moja tu, kwa hiyo kinasomeka vizuri hata kwenye simu ndani ya daladala iliyojaa. Usimpe yule mhandisi wa aya iliyopita. Sayansi ya hapa ni rangi ya ukutani, naye ataikwangua kwa kucha.

Mtu aliyechoka na kazi: All Systems Red ya Martha Wells (2017), kitabu cha kwanza cha mfululizo wa Murderbot. Tunaonelea hiki ndicho chaguo la kwanza salama kuliko yote kwa asiyejua aanzie wapi. Roboti mlinzi wa kukodishwa ameivunja programu iliyokuwa inamtawala. Angeweza kuua watu. Badala yake amepakua takriban saa 35,000 za burudani na anatazama tamthilia akiwa kazini, akiomba Mungu wateja wasimsemeshe. Kina kurasa kama 150, msimulizi mmoja, na kichekesho kinaanza sentensi ya kwanza.

Tazama jinsi hatua tatu zinavyoshikana. Rafiki ni muuguzi wa zamu za usiku. Anamaliza tamthilia ya Kikorea ya vipindi 16 kwa wiki. Riwaya ya vita vya anga aliiacha kwa sababu "kila mtu ni kamanda". Anasomea kwenye simu saa tisa usiku wodi ikitulia, na anakatizwa kila dakika kumi. Hataki vifo vya watoto. Kukatizwa kunafuta vitabu vyote vinavyoruka kati ya wasimulizi wengi. Simu inafuta vile vyenye ramani na michoro. "Kila mtu ni kamanda" ni malalamiko ya mtu anayetaka mnyonge wa kumtetea. Hapo kinabaki kile cha mlinzi anayeficha tamthilia kazini, na muuguzi wa zamu ya usiku atamwelewa kuliko profesa yeyote. Cha pili kwake kingekuwa The Ministry of Time ya Kaliane Bradley (2024): serikali ya Uingereza inamleta karne hii ofisa wa jeshi la majini kutoka msafara wa Franklin ulioondoka 1845 na kupotelea kwenye barafu ya kaskazini, na mtumishi wa serikali anapangiwa kuishi naye nyumba moja. Mapenzi yanapikwa kwa moto mdogo, kama anavyoyataka.

Kuhusu mapenzi, utaona kila mahali watu wakipendekeza This Is How You Lose the Time War ya Amal El-Mohtar na Max Gladstone (2019). Ni kifupi, na ni barua kati ya maadui wawili wanaopendana. Lakini ufupi wake unadanganya. Lugha ni ya kishairi mno, mambo hayaelezwi, na msomaji anapaswa kukubali kutoelewa kwa kurasa 40 za kwanza. Mpe anayependa mashairi. Anayependa tamthilia atakurudishia kesho yake.

Anayetaka kupumua tu, aliyetoka kwenye mitihani au kuuguza mzazi: A Psalm for the Wild-Built ya Becky Chambers (2021). Mtawa anayezunguka na baiskeli akiwagawia watu chai na kuwasikiliza anakutana na roboti, wa kwanza kuonekana na binadamu kwa karne nyingi. Hakuna adui wala mlipuko. Ndiyo maana yule wa filamu za kukimbizana atakuambia "hakuna kilichotokea", na atakuwa sahihi.

Msomaji wa fasihi, hasa mwalimu anayedharau fani hii: Klara and the Sun ya Kazuo Ishiguro (2021), inayosimuliwa na roboti aliye kwenye dirisha la duka akingoja mtoto wa kumchagua. Au Orbital ya Samantha Harvey, iliyoshinda tuzo ya Booker 2024: watu sita kwenye kituo cha anga, siku moja, mizunguko 16 kuzunguka dunia. Wengine hubishana kama hiyo ni riwaya ya kisayansi kweli. Ubishi huo hauna maana kwa rafiki yako. Kwa mtu anayedharau fani, kitabu kinachobishaniwa ndicho mlango.

Mpenzi wa siasa anastahili kuelezwa kwa urefu kidogo, kwa sababu msomaji wa kwetu ana faida hapa. A Memory Called Empire ya Arkady Martine (Hugo ya 2020) inamhusu balozi kijana kutoka kituo kidogo cha anga anayepelekwa kwenye makao makuu ya dola kubwa. Amekulia akisoma mashairi ya dola hiyo, anaijua lugha yake kwa ufasaha, anaipenda, na anajua kwamba ikipata nafasi itaimeza nchi yake. Yeyote aliyepigwa viboko shuleni kwa kuongea lugha ya nyumbani, kisha akaja kupata alama za juu katika insha ya Kiingereza, hahitaji kuelezwa mgogoro huo. Kinachowaangusha wasomaji ni majina: raia wa dola huitwa kwa namba na kitu. Mwambie rafiki mapema kwamba kuna faharasa ya majina mwishoni mwa kitabu, na kwamba akifika sura ya tatu atakuwa amezoea. Hiyo sentensi moja huokoa wasomaji wengi.

The Three-Body Problem ya Liu Cixin, iliyotafsiriwa kwa Kiingereza 2014 na kupata Hugo mwaka uliofuata, mpe anayependa wazo kubwa na asiyejali sana wahusika. Tafsiri hiyo inafungua na ukatili wa Mapinduzi ya Utamaduni ya China, mzee akipigwa mbele ya umati. Aliyeona tamthilia ya Netflix ya 2024 atashangaa: wahusika wa tamthilia wamehamishiwa Uingereza na kugawanywa upya.

Mpenzi wa wanyama ana bahati. Children of Time ya Adrian Tchaikovsky (2015, tuzo ya Clarke 2016) inafuata ustaarabu wa buibui kizazi hadi kizazi. Ni kitabu kikubwa ajabu, ila swali la tano la Hatua ya 1 liliwekwa kwa ajili yake. The Mountain in the Sea ya Ray Nayler (2022) ni ya pweza walioanza kuwa na lugha katika visiwa vya Con Dao, Vietnam. Msomaji wa Pwani atamaliza akiitazama sahani ya pweza wa nazi kwa jicho lingine. Anayetaka kifupi apewe The Tusks of Extinction ya mwandishi huyohuyo (Hugo ya 2025), inayohusu mtaalamu wa tembo aliyeuawa na majangili na akili yake kupandikizwa kwa mamothi, mnyama wa kale wa jamii ya tembo, aliyefufuliwa kisayansi.

Sasa vitabu vya Afrika. Kosa la kawaida ni kumpa Mwafrika kitabu cha Afrika bila kuangalia kitu kingine. Oanisha kwa ladha kwanza, kama vyote. Rosewater ya Tade Thompson (Clarke ya 2019) iko Nigeria ya 2066, kwenye mji uliochipuka kuzunguka kiumbe kutoka nje ya dunia. Ni ya upelelezi, ina ngono, inaruka mbele na nyuma kwa miaka, na msimulizi wake hapendeki. Inamfaa mtu mzima anayependa riwaya za majasusi. Usimpe mpwa wa kidato cha pili kwa sababu tu jalada lina mtu mweusi. Huyo mpwa mpe Binti ya Nnedi Okorafor (2015): msichana Mhimba mwenye kipaji cha hisabati anatoroka nyumbani kwenda chuo kikuu cha sayari nyingine, na anabeba otjize yake, ule udongo mwekundu ambao Wahimba wa Namibia hujipaka mwilini. Jina lenyewe litamvuta msomaji wa Kiswahili. Kuna mauaji mapema ndani ya chombo, basi mwonye.

The Old Drift ya Namwali Serpell, mzaliwa wa Zambia (Clarke ya 2020), ndiyo tunayoiona tajiri kuliko zote hapa na ndiyo inayopendekezwa vibaya kuliko zote. Inaanza karibu na maporomoko ya Victoria mwanzoni mwa karne ya 20, inafuata familia tatu, na kundi la mbu linaingilia kati kusimulia. Ndani yake yumo Edward Makuka Nkoloso, mtu wa kweli aliyedai miaka ya 1960 kwamba anawafunza Wazambia kwenda mwezini. Lakini teknolojia ya kubuni inakuja kuelekea mwisho. Ukimwambia rafiki "ni riwaya ya kisayansi", atasoma kurasa 300 akisubiri sayansi. Mwambie ni riwaya ya familia na historia inayoishia kesho, na utakuwa umemwambia kweli.

Akikuomba kitabu cha Pwani yetu, jibu la haki ni The House of Rust ya Khadija Abdalla Bajaber (2021), ya msichana wa Mombasa anayeingia baharini na paka msemaji kumtafuta baba yake mvuvi. Hiyo si sayansi, ni ya maajabu. Sema hivyo waziwazi, kisha mpe.

Vitabu viwili vya kushika kwa uangalifu. Station Eleven ya Emily St. John Mandel ilichapishwa 2014, inahusu homa inayoua karibu dunia nzima; aliyezika mtu 2020 au 2021 aulizwe kwanza. The Fifth Season ya N. K. Jemisin (Hugo ya 2016) inaanza na mama anayekuta mwanawe ameuawa. Ni kitabu kikali kwa maana zote mbili za neno hilo.

HATUA YA 4: Angalia chapa, lugha na sampuli

Usimtume rafiki mbele ya muuza vitabu na jina tu. Mpe ISBN, yaani namba ya tarakimu 13 inayotambulisha chapa ya kitabu, pamoja na jina la mwandishi, kwa sababu chapa ya Marekani na ya Uingereza huwa na majalada tofauti, na kitabu cha kuagizwa hakirudishwi kwa urahisi.

Rafiki wa Lubumbashi au Bujumbura huenda anasoma Kifaransa kwa raha zaidi. Vingi kati ya hivi vimetafsiriwa, ila majina hubadilika: Project Hail Mary inaitwa Projet Dernière Chance, na mfululizo wa Murderbot ni Journal d'un AssaSynth. Mwambie atafute kwa jina la mwandishi.

Kwa anayesoma Kiswahili tu, rafu ni nyembamba, na si haki kumfanya atumie kamusi kila mstari. Rudi nyuma kidogo umpe Walenisi ya Katama Mkangi (1995): Dzombo anahukumiwa, anarushwa angani kwa chombo, anatua kwenye nchi ya watu ambao jina lao ni "wale ni sisi". Si mpya, lakini inasomeka leo, na kejeli yake bado inauma.

Kwenye simu, epuka PDF. Kurasa zake hazijipangi upya, kwa hiyo msomaji anavuta kioo kushoto na kulia kila mstari mpaka macho yanauma, kisha analaumu kitabu. Faili la EPUB hukubali kukuza herufi, na tangu 2022 hata Kindle, kisomeo cha vitabu cha Amazon, hulipokea likitumwa. Sampuli za bure za Kindle huwa takriban asilimia 10 ya mwanzo. Mpe hiyo kwanza, lakini baada ya kuhakikisha mwanzo unafanana na kitabu. The Ministry for the Future ya Kim Stanley Robinson (2020) inafungua na wimbi la joto nchini India linaloua watu, sura isiyosahaulika. Kisha inageuka kuwa vikao vya Zurich, maelezo ya benki kuu na insha fupifupi. Anayeipenda sampuli anaweza kukichukia kitabu, na anayekimbia sampuli huenda ndiye mchumi ambaye kingemfaa.

Mfululizo nao una mtego. Mpe kitabu cha kwanza ikiwa tu kinajitosheleza. All Systems Red, A Memory Called Empire na Children of Time vinafunga hadithi yao. The Three-Body Problem hakifungi. Ukikitoa, umemkabidhi vitatu.

HATUA YA 5: Kabidhi

Kitabu kimoja. Orodha ya vitano ni kazi ya nyumbani, na rafiki ataihifadhi mahali anapohifadhi video za mazoezi.

Ujumbe uwe na mambo manne: hali inayoanzisha hadithi, kwa nini umemfikiria yeye, urefu, na ruhusa ya kuacha. Kwa muuguzi wetu ungekuwa hivi:

"Shoga, nimekupatia kitabu cha zamu. Roboti mlinzi kajinasua, angeweza kuwamaliza watu wote, lakini anachotaka ni kuachwa atazame tamthilia zake. Nimekumbuka ulivyosema kuhusu wale makamanda. Kurasa 150. Soma sura ya kwanza, usipocheka achana nacho, sitanuna."

Hakuna "utakipenda sana", kwa sababu sentensi hiyo inamlazimisha ama apende ama akudanganye. Hakuna "kuna jambo linatokea katikati, we subiri tu!", kwa sababu kuanzia hapo hasomi tena, anavizia. Kiasi cha hadithi unachoruhusiwa kukitoa ni kile kinachotokea ndani ya kurasa 30 za kwanza. Zaidi ya hapo unamharibia uhondo.

Ukimwazima nakala yako, hesabu kwamba imekwenda. Kama huwezi kuikosa, nunua ya pili.

HATUA YA 6: Akiacha njiani, soma alipoachia

Usimuulize "umefika wapi?" kabla ya wiki mbili. Baadaye muulize swali jepesi kuhusu mtu au kitu cha mwanzoni, kama "yule roboti umemwonaje?" Jibu litakuonyesha.

Akiachia kabla ya ukurasa wa 30, tatizo ni sauti au lugha. Badilisha mwandishi, baki na mada ileile. Akiachia kati ya 80 na 150, mwendo ulimchosha. Rudi kwenye mada ileile kwa kitabu kifupi zaidi. Akifika robo ya mwisho kisha akaacha, kuna kitu kilimuumiza au kilimkasirisha. Hilo muulize ana kwa ana, maana jibu lake ni taarifa bora kuliko maswali yote matano ya mwanzo. Na akimaliza bila kusema lolote, alisoma kwa heshima yako. Mpumzishe.

Andika kwenye simu mistari mitatu kwa kila rafiki: kitabu, alipoachia, maneno aliyotumia. Baada ya vitabu vitatu utaona anachokataa kinavyojirudia, mara nyingi ni kitu kimoja tu, na mara nyingi yeye mwenyewe hakijui.

Akirudi na kusema "nipe kingine kama hicho", shika utaratibu. Baada ya All Systems Red zinafuata Artificial Condition, Rogue Protocol na Exit Strategy, zote za 2018 na zote fupi. Hapo ndipo penye utata: Network Effect, riwaya ndefu ya kwanza ya mfululizo, ilitoka 2020, na Fugitive Telemetry ikatoka 2021, lakini matukio ya hiyo ya 2021 yanatangulia. Asiyependa kurudishwa nyuma mpatie Fugitive Telemetry kabla ya Network Effect; wengine wote wafuate miaka ya kuchapishwa, kisha System Collapse ya 2023, ambayo inaanzia pale Network Effect ilipoishia na haieleweki bila hiyo.